Ile onyo ya cp -n ilitoka wapi? Vile nilianza kusoma historia ya amri za terminali

Amri za terminali, lile dirisha lenye unaandikia masini cha kufanya, zinabadilikaka. Nasema hivi kwa sababu bado nakutana na watu, hata wale wa kazi yenyewe, wenye kuamini kwamba cp (amri ya kukopi) ni cp na ls (ya kuorodhesha fishie) ni ls, zilimalizika zamani na hakuna mtu anazigusa tena, halafu siku masini inaanza kuandika maneno mapya kila mtu anakimbilia kusema ni virusi ao disiki imeoza. Si virusi. Kuna mtu alikaa chini, akabadilisha kitu, akaandika sababu yake na tarehe, na ile sababu unaweza kuisoma wewe mwenyewe ukiwa hapa Lubumbashi na mega zako kidogo. Nataka kueleza vile inafanyika, maana ilinisaidia sana na sioni watu wakiiongelea kwa Kiswahili.

Mimi nachunga masini za studio moja ya picha mu komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Kazi iko rahisi kueleza: wapiga picha wanarudi jioni na kadi zao, ndoa, matanga, sherehe za wanafunzi, tunaingiza kadi mu masini na skripti, fishie yenye amri zimeandikwa zifuatane zenyewe, inakopi picha zote ku disiki kubwa. Ile skripti ilikuwa inatumia cp -n. Hiyo -n maana yake usiandike juu ya fishie yenye iko tayari, kama jina liko pale ruka, endelea na ingine. Kwa picha za watu njo kitu unataka kabisa, picha ya ndoa ya mtu haiwezi kufutwa na picha ingine juu tu majina yamefanana.

Kisha tukabadilisha mfumo tukaweka Ubuntu 24.04, moja ya mifumo ya Linux. Mudogo mwenye tunafanya naye kazi akaniita, "Yaya, njoo uone, masini inaanza kulalamika." Kila kadi akiingiza kunatokea mstari mmoja:

cp: warning: behavior of -n is non-portable and may change in future; use --update=none instead

Kwa maneno yetu: tabia ya -n haifanani kila mahali na inaweza kubadilika mbele, afazali utumie --update=none. Picha zilikuwa zinaingia bila shida. Lakini Mama mwenye studio alikuwa amesimama nyuma yetu, na yeye anaangaliaga kila kitu, akauliza, "Mwana yangu, hiyo inasema picha za watu zitapotea?" Nikamujibu, "Hapana Mama, lakini unipe muda nijue nani aliandika hayo maneno na juu ya nini."

Wenzangu wa kazi waliniambia niongeze tu 2>/dev/null mwisho wa amri, onyo lipotee, tuendelee. Nilikataa na bado nakataa. Onyo lenye kusema "inaweza kubadilika mbele" njo onyo la mwisho kabisa la kunyamazisha, maana siku itabadilika kweli hautasikia kitu, utaona tu picha hazipo.

Sasa, mahali pa kwanza pa kutafuta ni disiki yako mwenyewe. Hii watu wengi hawaijui na inaniuma, kwa sababu haitaki hata mega moja. Ku Debian, mfumo wa Linux wenye Ubuntu imejengwa juu yake, na ku Ubuntu yenyewe kila pakiti inakuja na folda yake mu /usr/share/doc. Cp inatoka mu pakiti inaitwa coreutils ya GNU, ile projeti ya programu huru, pamoja na ls, mv, rm, sort, date na zingine nyingi, zamani zilikuwa pakiti tatu tofauti, fileutils, shellutils na textutils, zikaunganishwa karibu na 2003. Mu /usr/share/doc/coreutils kuna fishie NEWS.gz. Unaisoma na zless, ao unatafuta moja kwa moja:

zgrep -n 'no-clobber' /usr/share/doc/coreutils/NEWS.gz

No-clobber njo jina refu la -n. Na pale historia inaanza kujitokeza. Toleo 7.1, mwezi wa 2 mwaka 2009, cp na mv wanapata -n kwa mara ya kwanza, inaruka kimyakimya fishie zenye ziko tayari. Miaka 14 iliendelea kuruka hivyo bila kushindwa. Halafu toleo 9.2, mwezi wa 3 mwaka 2023: kuanzia sasa cp -n ikikutana na fishie yenye iko tayari itamaliza kwa kushindwa. Halafu 9.3, mwezi wa 4 mwaka ule ule, wanaongeza --update=none, yenye kuruka bila kushindwa.

Kwa wenye hawajazoea, kila amri ikimaliza inaacha namba nyuma yake, sifuri maana yake kazi imeenda vizuri, namba ingine maana yake kuna kitu. Unaiona kwa echo $? mara tu baada ya amri. Na skripti nyingi za watu wenye uangalifu zinaanza na set -e, maana yake amri moja ikishindwa simama hapo hapo. Sasa fikiri skripti ya kulinda data yenye kutumia cp -n na set -e pamoja, imetembea toka 2009 bila neno, halafu siku moja unapandisha toleo na inasimama ku fishie ya kwanza yenye ilishakopiwa jana. Na hakuna kitu kimeharibika! Ni maana ya -n tu imegeuka.

Lakini hapa kuna kitu kilinisumbua. Ubuntu 24.04 inabeba coreutils 9.4, na 9.4 ilitoka baada ya 9.2, kwa hiyo kufuatana na NEWS cp yangu ingepaswa kushindwa. Nikajaribu:

touch a b
cp -n a b
echo $?

Ikatoa lile onyo, na chini yake sifuri. Sifuri! NEWS yenye iko ku disiki hiyo hiyo inasema kitu kimoja na masini inafanya kingine, na onyo lenyewe mu NEWS halipo hata mstari mmoja. Wakati huo njo nilijua sitatulia mpaka nishike kodi yenyewe, yale maandishi yenye programu imetengenezwa nayo.

Kushusha historia yote ya coreutils kwa git, chombo chenye kuchunga kila badiliko la kodi, si kazi ya kucheza na koneksyo zetu. Historia yake inarudi nyuma mpaka 1992, na git yenyewe Linus Torvalds, yule wa Linux, aliianza 2005, maana yake miaka ya kwanza ilihamishwa kutoka mifumo ya zamani bila kupoteza tarehe, na nawashukuru sana wale walioifanya hiyo kazi. Shida ni kwamba git clone, amri ya kushusha nakala yote, ikikatika katikati haiendelei pale ilifikia, inaanza upya. Kurani ya umeme ikienda, mega za usiku zote zimekwenda nayo. Kuna njia ya kupunguza, git clone --filter=blob:none, inaleta orodha ya mabadiliko na maelezo yake bila kuleta yaliyomo ndani ya fishie za zamani, na kwa kusoma maelezo peke yake inatosha, git log --grep inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini mujihadhari: ukitumia git log -S ao git blame ku clone ya namna hiyo, git inaanza kuita ile yaliyobaki kule mbali kidogo kidogo, na ku koneksyo ya polepole unaweza kukaa unaangalia skrini mpaka usingizi. Mimi niliomba ndugu mmoja mwenye koneksyo nzuri aniclonie yote, akafunga kwa git bundle create coreutils.bundle --all, inakuwa fishie moja tu, ikafika kwangu ku flashi. Fishie moja unaweza pia kuishusha kwa wget -c, ikikatika inaendelea pale iliachia. Tangu hapo njo njia yangu kwa kila projeti kubwa.

Git log -S ni chombo chenye kila mtu wa terminali angepaswa kujua. Unaipa maneno, inakuletea kila badiliko lenye lilifanya hayo maneno yaongezeke ao yapunguke mu kodi, kwa hiyo unaona siku yalizaliwa na siku yalikufa. Ndugu yake -G inaangalia mistari yenye iliguswa hata kama hesabu haikubadilika. Nikaandika git log -S'non-portable and may change' nikangoja.

Hakuna kitu, haikuleta hata badiliko moja. Nikarudia kwa neno fupi zaidi, nikahakikisha sijakosea herufi. Lile onyo halikuwahi kuwa mu kodi ya GNU.

Hapo njo nilielewa kitu chenye kimebadilisha namna yangu ya kufanya kazi: programu yenye iko ku masini yako imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. GNU wanaandika cp. Debian wanaichukua, wanaweka marekebisho yao juu, tunasema patchi, na Ubuntu wanachukua kwa Debian, wanaweza kuongeza yao pia. Ukitafuta ku mkono mmoja na hauoni, endelea ku mkono unaofuata. Patchi za Debian hazitaki mega nyingi, ukifanya apt source coreutils unapata kodi ya GNU na folda ya debian pembeni, na ndani yake folda ya patches, ni maandishi tu. Nikaingia nikaandika:

grep -rn 'non-portable' debian/patches

Na ule mstari ukatokea, neno kwa neno, kama vile tuliuona ku skrini ya studio. Kumbe Debian waliona badiliko la 9.2 wakalikataa. Sababu yao ni ya mtu mwenye kuchunga watu wengi: skripti zisizohesabika zimeandikwa toka 2009 zikitegemea kwamba -n inaruka na kunyamaza, ukigeuza maana yake zitavunjika ku masini za watu wenye hawajafanya kosa lolote. Kwa hiyo walirudisha tabia ya zamani, sifuri, na wakaongeza onyo ili watu wahame polepole. Na upande wa GNU nao hawakuwa wakorofi, mu mifumo mingine kama FreeBSD -n inashindwa kweli ikikuta fishie, wao walitaka cp ifanane kila mahali. Mu 9.5, mwezi wa 3 mwaka 2024, wakaleta --update=none-fail kwa wenye kutaka ishindwe, na wakaandika waziwazi kwamba -n afazali iepukwe kwa sababu haifanani ku mifumo yote.

Nikarudi kwa Mama nikamweleza: picha hazipotei, kuna watu wa pande mbili walikuwa wanabishana neno moja linapaswa kumaanisha nini, na sisi tutaandika skripti isiyotegemea lile neno. Akasema, "Basi fanya vile." Na mudogo akaniuliza swali zuri kuliko la kila mtu: "Yaya, lakini nani alikuwa na haki?"

Nilifikiri sana juu ya hilo swali. Chukua kamera zetu. Majina ya picha yana namba nne, DSC_0001 mpaka DSC_9999, ikifika mwisho inarudi 0001. Mpiga picha mwenye kufanya ndoa kila wikendi anamaliza mzunguko haraka, kwa hiyo siku moja DSC_0417 ya ndoa ya leo inakutana na DSC_0417 ya ndoa ya mwaka jana. Cp -n inaruka. Haisemi kitu. Inaacha sifuri nyuma yake, kazi imeenda vizuri, halafu mtu anafuta kadi ili itumike kesho. Kwa hiyo mimi niko upande wa wale walioona kwamba kuruka bila kusema ni hatari, kabisa. Lakini pia niko upande wa Debian, maana ukitaka tabia mpya unaleta jina jipya, hauendi kugeuza maana ya herufi yenye watu wameitegemea miaka 14. Mwishowe njo hivyo ilifanyika na --update, na nafikiri ingefanyika hivyo toka mwanzo hakuna mtu angeumia.

Baada ya hapo nikaanza kuzifuatilia na zingine. Egrep kwa mfano, ndugu ya grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya fishie, mu notes za wanafunzi wa hapa bado imejaa. Egrep na fgrep zote mbili zilitoka kwa Alfred Aho kule Bell Labs, maabara ya Amerika, miaka ya 1970. GNU walishasema toka 2007 kwamba zimepitwa, lakini ilikuwa maandishi tu mu maelezo, na mwezi wa 9 mwaka 2022 grep 3.8 ikaanza kutoa onyo ku skrini kwamba tumia grep -E na grep -F. Miaka 15 kati ya kutangaza na kusema kwa sauti, na bado watu walishtuka! Ls nayo: ukiona majina yenye nafasi ndani yanawekwa alama za kunukuu, kama 'ndoa ya Ruashi', hiyo ilikuja na coreutils 8.25 mwezi wa 1 mwaka 2016, ni ku skrini peke yake, ukipitisha matokeo ku amri ingine alama hazitokei, na usipozipenda ls -N inaziondoa. Na rm, amri ya kufuta, yenye ilikuwa inakubali kufuta mzizi wote wa disiki ukiiambia, toka 6.4 ya 2006 inakataa mpaka uiombe kwa jina refu.

Ifconfig, amri ya kuonyesha na kupanga koneksyo za masini, ni hadithi ingine, na inafundisha ile habari ya mikono. Watu wanasema imekufa. Haikufa, ilikuja na 4.2BSD mwaka 1983 na kodi yake iko paka leo, ila Debian 9 ya 2017 waliacha kuiweka mapema mu mfumo mpya, ukiitaka unaongeza net-tools. Badiliko halikuwa mu amri, lilikuwa mu orodha ya vitu vya kuanzia. Kwa hiyo ukitafuta jibu mu historia ya ifconfig yenyewe utachoka bure, jibu liko mu historia ya Debian.

Na ukitaka kurudi nyuma kabisa, kuna hazina yenye ilikusanywa na Diomidis Spinellis, historia ya Unix, ule mfumo wa zamani wenye ulizaa hizi amri, toka miaka ya 1970 imewekwa mu git moja, unaweza kufanya git log ku kodi yenye iliandikwa kabla git haijazaliwa. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix kina tarehe 3 Novemba 1971 na cp na ls ziko ndani. Grep ya Ken Thompson, mmoja wa wale walioanzisha Unix, inaonekana mu toleo la nne, 1973, aliitoa ndani ya ed, yule mhariri wa zamani wa maandishi. Kurasa za man, yale maelezo ya amri yenye unasoma mu terminali, za FreeBSD zina sehemu inaitwa HISTORY mwishoni, ile ya ls inasema wazi kwamba ilitokea mu toleo la kwanza la Unix. Kurasa za GNU hazina hiyo sehemu, na nasikitika, mistari miwili tu ingetosha.

Hii mambo haijamalizika, njo inakuja kwa nguvu zaidi. Ubuntu 25.10, Oktoba 2025, imeanza kutumia coreutils mpya yenye kuandikwa upya kwa lugha ya Rust, projeti inaitwa uutils. Wanajaribu ifanane na ya GNU herufi kwa herufi, lakini date -r, yenye inapaswa kutoa tarehe ya fishie, ikawa inatoa tarehe ya sasa, na kwa sababu hiyo masini zikaacha kujiangalizia masasisho. Walirekebisha. Lakini ona sasa, mkono mwingine umeongezeka kati yako na amri, na ukiuliza "cp imebadilika lini" lazima kwanza ujue ni cp ya nani. Cp --version inakuambia, anzia pale.

Ku skripti yetu, --update=none haikutosha. Tuna masini ingine Likasi yenye Debian 11, coreutils yake ni 8.32, na pale inajibu kwamba --update haikubali neno lolote nyuma yake, maana enzi zake ilikuwa alama tupu isiyo na chaguo. Kwa hiyo tukaandika ya kueleweka na masini zote:

[ -e "$lengo" ] || cp -p "$picha" "$lengo"

Kama lengo lipo, usikopi. Hiyo shell yoyote inaielewa, GNU, FreeBSD, Rust, zote. Halafu mudogo akaongeza sehemu yake, na ni yeye aliifikiri peke yake: kama lengo lipo, cmp -s inalinganisha fishie mbili, zikiwa sawa tunaendelea, zikiwa tofauti ile mpya inakopiwa na tarehe ya kadi mbele ya jina. Juu ya skripti tumeweka maelezo kwa Kiswahili, toleo 7.1 la 2009, 9.2 na 9.3 za 2023, patchi ya Debian, 9.5, na kwa nini hatutumii -n. Inatembea ku masini ya Likasi na ku ya hapa, skripti ni moja, haitoi onyo.